Andiko Kinywani mwa Mjaribu

Ibilisi anaijua Zaburi. Msomaji aliyezoea simulizi la majaribu ya Yesu jangwani hulipita jambo hili upesi, kana kwamba ni pambo tu la hadithi. Katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo, na katika sura ya 4 ya Injili ya Luka, mjaribu anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu la Yerusalemu na kumtaka ajitupe chini. Hapa hazungumzii mkate wala milki za dunia, kama afanyavyo katika majaribu mengine mawili. Anatoa andiko. Anataja maneno ya mstari wa 11 na wa 12 wa Zaburi ya 91, yanayoahidi kwamba malaika watampokea mtu wa Mungu asije akaumia. Hakuyazua. Alichokisema kimo kitabuni, na yeyote mwenye gombo la Zaburi angeweza kulifungua na kumthibitishia.

Hapo msomaji wa maandiko, awe Mkristo au Myahudi, anafikishwa mbele ya swali zito. Ikiwa neno takatifu linaweza kutamkwa sawasawa na anayetaka kumwangamiza mtu, basi usahihi wa nukuu peke yake si kinga. Kinga ni nini? Majibu mawili hutolewa kwa kawaida. La kwanza ni kwamba mjaribu hukata andiko: hutaja nusu, akaficha nusu. La pili ni kwamba mjaribu ni mwongo, na asemalo, hata likivaa vazi la andiko, si kweli. Yote mawili yana sehemu ya ukweli, lakini masimulizi yenyewe, tukiyasoma kwa makini, hayatosheki nayo. Ninakusudia kuonyesha hapa kwamba kipimo kilichomo ndani ya mapokeo haya ni kingine, nacho ni kuuliza andiko linamfunga nani kwanza: yule anayelitamka, au yule anayetamkiwa.

Tuanze na hoja ya kukata, kwa kuwa ndiyo kongwe na ndiyo yenye nguvu. Mtu akiifungua Zaburi ya 91 ataona kwamba ahadi ya ulinzi imefungamanishwa na njia za yule anayelindwa. Ni ulinzi wa msafiri anayekwenda zake. Kipande hicho cha njia hakimo katika maneno ya Ibilisi, si kwa Mathayo wala kwa Luka. Na kweli, kujirusha kutoka juu ya jengo si njia ya mtu yeyote. Zaidi ya hapo, mstari unaofuata mara moja, yaani wa 13, unamwambia mtu huyohuyo kwamba atawakanyaga simba na nyoka. Yeronimo, mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kilatini, alikwisha kuligundua hilo katika maelezo yake juu ya Mathayo: mjaribu anataja msaada wa malaika, lakini ananyamaza anapofika mahali ambapo yeye mwenyewe anakanyagwa. Amesoma mpaka ukingoni mwa hukumu yake, akafunga kitabu.

Kuna kinaya kingine kinachozidi hicho. Zaburi ya 91 haikuwa zaburi yoyote tu katika dini ya Kiyahudi. Miongoni mwa magombo yaliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, katika pango la 11 la Qumran, limo moja ambalo limeiweka zaburi hii pamoja na tungo za kufukuza pepo. Talmudi nayo inaijua kama wimbo wa kujikinga na mashambulizi ya mabaya, na mpaka leo Wayahudi wengi huisoma wakati wa kulala na wakati wa kusindikiza maiti. Kwa lugha ya pwani yetu tungesema ni zaburi ya zinguo, ni hirizi ya maneno. Basi katika maandiko yote aliyoweza kuyachagua, Ibilisi alichagua lile ambalo watu walilitumia dhidi yake. Hakubomoa mlango, aliingia kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Waswahili wanaposema kikulacho ki nguoni mwako, hawana mfano ulio dhahiri kuliko huu.

Hata hivyo, hoja ya kukata haifiki mbali. Yesu mwenyewe, katika majibu yake matatu, anatoa vipande. Kila jibu ni sentensi fupi iliyochomolewa katika Kumbukumbu la Torati: moja kutoka sura ya 8, mbili kutoka sura ya 6. Kama kutaja kipande ni hila, basi wote wawili ni wenye hila. Tena wanazuoni wa Kiyahudi wa kale walikuwa na desturi ya kutaja mwanzo wa mstari na kuacha uliobaki, kwa kuwa msikilizaji aliujua wote kwa moyo. Mtu hawezi kunukuu kitabu kizima. Kila nukuu hukata. Anayesoma hadharani hana budi kuchagua pa kuanzia na pa kuishia.

Isitoshe, mapokeo ya Kiyahudi yanatuonya kwamba madhara hutoka hata katika kuongeza. Katika sura ya 3 ya Mwanzo, nyoka anamuuliza Hawa kuhusu katazo la Mungu kwa namna ya kulipotosha, naye Hawa anamsahihisha. Lakini katika kusahihisha kwake anaongeza kwamba hata kuugusa mti kumekatazwa. Agizo alilopewa Adamu katika sura ya 2 halikutaja kugusa. Midrashi ya Mwanzo inasimulia kwamba nyoka aliiona nafasi hapo hapo: alimsukuma Hawa mpaka akaugusa mti, kisha akamwambia, umegusa na hukufa, basi hata ukila hutakufa. Marabi wakatoa funzo kwamba uzio usiwe mkubwa kuliko shamba linalozungushiwa, usije ukaanguka na kuiharibu miche. Hawa hakukata neno la Mungu. Alilizidisha, kwa uchaji. Nyongeza ile ndiyo iliyokuwa upenyo.

Tukirudi jangwani, tofauti kati ya nukuu mbili haipo katika urefu wake. Ipo mahali pengine. Majibu matatu ya Yesu yanatoka katika eneo moja la kitabu, yaani hotuba ya Musa kwa watu waliotembea jangwani miaka 40. Yesu amefunga siku 40. Ana njaa. Andiko analolitaja juu ya mkate ni lile linalozungumza na watu wenye njaa jangwani. Hamsomei Ibilisi andiko hilo ili Ibilisi alitii. Ibilisi hana njaa. Anajisomea mwenyewe. Vivyo hivyo na jibu lake juu ya kinara cha hekalu: mstari wa 16 wa sura ya 6 unakumbusha habari za Masa, zilizoelezwa katika sura ya 17 ya Kutoka, ambako watu wenye kiu walidai uthibitisho kama Mungu yuko kati yao au hayuko. Kujirusha kungekuwa kudai uthibitisho uleule. Yesu anaitwa autumie mstari kama hati ya madai, naye anajibu kwa mstari unaomkataza kudai.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Andiko la Yesu linampunguzia Yesu uwezo. Linamwacha na njaa yake, linamwacha palepale aliposimama. Andiko la Ibilisi halimfungi Ibilisi kwa lolote. Si yeye atakayeruka. Anamkabidhi mwingine ahadi, naye abaki juu akitazama.

Lugha yetu inalisaidia jambo hili kuonekana. Kiswahili cha Biblia ya Muungano hutumia kitenzi kimoja, kujaribu, kwa mambo ambayo lugha nyingine za leo huyatenganisha: Mungu alimjaribu Ibrahimu, Ibilisi alimjaribu Yesu, watu walimjaribu Mungu kule Masa. Wakatoliki katika Sala ya Bwana huomba juu ya kishawishi, neno linaloelekea upande wa uovu tu. Waprotestanti huomba juu ya majaribu, neno linaloweza pia kubeba maana ya mtihani. Kiebrania cha kale na Kigiriki cha Injili vina utata uleule wa neno kujaribu. Utata huo si upungufu. Unamwambia msomaji kwamba tendo moja, katika saa moja, laweza kuwa mtihani kutoka kwa Mungu na mtego kutoka kwa adui, na kwamba umbo la nje la maneno halitamwonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa tuitazame hoja ya pili, kwamba mjaribu husema uongo. Talmudi ya Babeli, katika sehemu iitwayo Sanhedrini, ukurasa wa 89, ina kisa kinachoitikisa hoja hiyo kabisa. Ibrahimu yuko njiani kwenda kumtoa mwanawe Isaka sadaka. Shetani anamtangulia barabarani na kuanza kuzungumza naye, na mazungumzo yao karibu yote ni ya mistari ya maandiko. Shetani anatumia maneno ya Elifazi katika sura ya 4 ya Ayubu: wewe uliyekuwa ukiwatia wengine nguvu, yamekufika mwenyewe na umelegea? Ibrahimu anajibu kwa maneno ya Zaburi ya 26, kwamba yeye huenenda katika unyofu wake. Shetani anarudi kwa Elifazi, akidokeza kwamba uchaji huo ni upumbavu. Ibrahimu anamjibu kwa mstari unaofuata wa Elifazi huyohuyo: ni mtu gani asiye na hatia aliyewahi kuangamia? Shetani alipoona hasikilizwi, alitumia mstari wa 12 wa sura hiyo, juu ya neno lililomfikia mtu kwa siri, akasema: nimesikia kutoka nyuma ya pazia la mbinguni kwamba mwana-kondoo ndiye atakayekuwa sadaka, si Isaka. Ibrahimu akamjibu kwamba hiyo ndiyo adhabu ya mwongo: hata akisema kweli, hasikilizwi.

Kisa hiki kinastahili kusomwa polepole. Kwanza, Elifazi ni mmoja wa wale rafiki ambao Mungu anawakemea mwishoni mwa kitabu cha Ayubu kwa kutosema yaliyo sawa. Kwa hiyo Shetani anachota katika maneno ambayo Biblia yenyewe imeyaweka ndani yake na kuyakosoa. Lakini Ibrahimu naye anachota humohumo. Wote wawili wanamnukuu mtu mmoja, katika hotuba moja, mistari ikifuatana. Kwa kipimo cha usahihi wa nukuu, au cha ubora wa chanzo, hatuwezi kuwatenganisha.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, Shetani anasema kweli. Aliyechinjwa mwishowe hakuwa Isaka. Alikuwa kondoo dume aliyenaswa pembe zake kichakani. Marabi waliotunga kisa hiki walijua mwisho wa sura ya 22 ya Mwanzo, na wakaiweka habari hiyo njema kinywani mwa adui. Kwa nini habari ya kweli, tena ya rehema, iwe jaribu? Kwa sababu ilikuja wakati ambapo kazi yake ilikuwa kumgeuza Ibrahimu awe mtu anayejua kwamba hatalipa chochote. Angepanda mlima akiwa na siri mfukoni, na utii wake ungekuwa mchezo wa kuigiza. Ujumbe uleule alipouletewa baadaye na malaika, mkono wake ukiwa tayari umeinuliwa, aliusikia mara moja.

Siwezi kudai kwamba kisa hiki hakina mwiba. Msomaji wa leo anaweza kuuliza kama si Shetani aliyekuwa upande wa mtoto. Kipimo ninachokipendekeza, kwamba andiko limfunge kwanza anayelitamka, kinatikisika hapa, kwa kuwa utii wa Ibrahimu ulimfunga pia Isaka, tena kwa kamba. Mapokeo ya Kiyahudi hayakuuficha mwiba huo. Yamerudi kwenye mlima ule kizazi baada ya kizazi. Ninachoweza kusema ni kwamba kisa chenyewe kinaishia kwa kusimamishwa kwa mkono, na kwamba msomaji anayekitumia ili kuuinua tena mkono huo juu ya mwana wa mtu mwingine amekomea katikati ya simulizi, kama Ibilisi alivyokomea kabla ya mstari wa 13.

Marabi walikuwa na mfano mwingine unaolieleza jambo hili kwa ufupi. Katika Kidushini, ukurasa wa 30, inasemwa kwamba Mungu aliumba mwelekeo wa uovu ndani ya mtu, akaiumba Torati iwe tiba yake. Na neno linalotumika hapo kwa asili lina maana ya viungo vya kukolezea chakula. Lakini katika Yoma, ukurasa wa 72, Rabi Yoshua mwana wa Lawi anaongeza sharti: kwa anayestahili, Torati huwa dawa ya uzima, kwa asiyestahili, huwa dawa ya mauti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Sisi husema dawa kwa kile kinachomponya mgonjwa na kwa kile kinachoua panya. Kitu ni kimoja. Kinachotofautiana ni mkono unaokishika.

Hapo ndipo hatari nyingine inapochipuka, nayo ni hatari ya msomaji mchaji. Akishajifunza kwamba shetani hunukuu maandiko, anaweza kuligeuza funzo hilo kuwa silaha: kila anayesoma tofauti naye ni shetani. Mfano mashuhuri wa kifasihi umo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, anatetea faida ya fedha zake kwa kisa cha Yakobo na kondoo wa mjomba wake Labani, kutoka sura ya 30 ya Mwanzo. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, anajibu mara moja kwa hoja, kwamba faida ya Yakobo ilitoka mkononi mwa Mungu. Shylock anapomrudishia kwa mzaha, Antonio anaacha kubishana. Anamgeukia rafiki yake Bassanio na kumwambia, kwa maneno ambayo yamekuwa methali duniani kote, kwamba shetani naye hutaja maandiko kwa kusudi lake.

Tazama nani anasema, na juu ya nani. Kitabu cha Mwanzo ni Torati ya Shylock kabla ya kuwa sehemu ya Agano la Kale la Antonio. Myahudi amesoma kitabu cha baba zake, na Mkristo anamwita shetani kwa kukisoma. Na katika onyesho hilohilo Antonio hakani kwamba amemtemea mate Shylock. Anasema angeweza kufanya hivyo tena. Sisemi kwamba usomaji wa Shylock ni mwema. Anautafuta mstari wa kuhalalisha riba, naye mwishowe atadai ratili ya nyama ya mtu kwa herufi ya mkataba. Ninachosema ni kwamba Antonio anatenda kosa lilelile analolishutumu. Hekima ya simulizi la jangwani inamtaka kila msomaji ajichunguze. Yeye ameifanya iwe jina la kumbandika jirani. Historia ya Wayahudi katika Ulaya ya Kikristo imejaa watu walioitwa wana wa shetani kwa nguvu ya mstari.

Jina alilolichagua Nyerere linaniridhisha katika hili. Mfanyabiashara anayetajwa katika jina la tamthilia kwa Kiingereza ni mmoja, naye hueleweka kuwa ni Antonio. Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliandika mabepari, kwa wingi. Kwa neno hilo moja Antonio anapoteza nafasi ya kusimama nje ya hukumu. Nao mstari wake juu ya shetani, msomaji akiwa amekwisha kulipita jina hilo kwenye jalada, unasikika kama shutuma ya bepari mmoja kwa mwenzake.

Tutoke sasa katika tamthilia, twende mahali ambapo nukuu ilichana ngozi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani, alichapisha mwaka 1845 simulizi la maisha yake. Anaeleza kwamba bwana wake, Thomas Auld, aliokoka katika mkutano wa Wamethodisti mwezi Agosti 1832, na kwamba Douglass alitumaini uongofu huo ungempunguzia ukatili. Ukamzidishia. Auld alikuwa akimfunga msichana mlemavu, ambaye mikono yake iliungua moto utotoni, na kumchapa mjeledi mabegani mpaka damu ikatiririka. Na alipochapa alitaja mstari wa 47 wa sura ya 12 ya Luka, unaosema kwamba mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyafanye atapigwa sana.

Neno kwa neno, mstari upo. Lakini fungua sura yenyewe. Mfano huo ni wa msimamizi aliyewekwa juu ya wenzake, ambaye, bwana anapokawia, anaanza kuwapiga watumwa na wajakazi. Huyo ndiye anayetajwa katika mstari wa 47. Kipigo kinachoahidiwa ni cha mtu anayepiga. Auld, akiwa na mjeledi mkononi na mjakazi mbele yake, alikuwa akitamka hukumu yake mwenyewe bila kuisikia. Hakuna mfano ninaoujua unaoonyesha kwa uchungu zaidi maana ya kulitamka andiko ambalo humfungi nalo mtu isipokuwa mwingine. Douglass, kwa upande wake, hakulitupa andiko kwa sababu Auld alilishika. Katika kiambatisho cha kitabu chake aliutenganisha Ukristo wa Kristo na dini ya wenye watumwa wa nchi ile, na alifanya hivyo kwa lugha ya manabii na ya Injili.

Alichofanya Auld kwa mstari mmoja, wengine walikuwa wamekifanya kwa kitabu kizima. Mwaka 1807, mwaka uleule ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa lakini likauacha utumwa wenyewe, ilichapishwa London Biblia ya sehemu teule kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haimo. Simulizi la Waisraeli kutolewa utumwani Misri haimo. Kisa cha Yusufu aliyeuzwa Misri na kutumikia vyema kimo. Hapa kukata ni kosa kweli, na wahariri wake bila shaka walijiona wacha Mungu. Lakini hata hapa kasoro haijulikani kwa kuhesabu kurasa zilizotolewa. Inajulikana kwa kuona kwamba sehemu zilizoondolewa ni zile ambazo zingewahukumu waliokuwa na mkasi.

Mtu anaweza kupinga kwamba kipimo hiki kinawanyamazisha manabii. Je, ni marufuku kumsomea mwenye dhambi neno linalomhukumu? La. Katika sura ya 12 ya Samweli wa Pili, Nathani anamwendea mfalme Daudi baada ya Daudi kumtwaa Bathsheba na kumuua mumewe Uria. Nathani hamrushii mfalme mstari wa amri juu ya uzinzi wala juu ya uuaji. Anamsimulia kisa cha tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa pekee wa maskini, Daudi anakasirika na kutoa hukumu, ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Nathani ni raia asiye na upanga mbele ya mfalme aliyekwisha kuua. Neno analolisema linaweza kumgharimu shingo. Ibilisi juu ya kinara, Antonio kando ya Bassanio, Auld na mjeledi wake: hakuna kati yao aliyekuwa akihatarisha kitu.

Kipimo hiki kinatuhusu tulio hai kuliko tunavyopenda. Chukua mstari wa 22 wa sura ya 5 ya Waefeso, unaowaagiza wake kuwatii waume zao. Wengi wetu tumeusikia ukitajwa katika baraza za usuluhishi, mke akiwa ameketi na jicho lililovimba, na anayeutaja ni mume au mzee wa upande wa mume. Mstari wa 21, unaowataka wote kunyenyekeana, umeachwa. Mstari wa 25, unaomtaka mume ampende mkewe kwa kipimo cha Kristo aliyejitoa kwa ajili ya kanisa, umeachwa. Waweza kusema amekata, na ni kweli. Lakini kosa la kwanza limetangulia kukata: katika barua yenye ujumbe wa mke na ujumbe wa mume, mume ameruka sehemu aliyoandikiwa yeye, akaisoma ya mwenziwe kwa sauti. Kama angeanza na mstari wa 25, baraza lisingeitishwa.

Milton, katika utenzi wake wa mwaka 1671 juu ya majaribu ya Yesu, aliufuata mpangilio wa Luka na kuliweka jaribu la hekalu mwisho. Baada ya mabishano marefu yaliyojaza vitabu vinne, Shetani anataja zaburi yake. Yesu anajibu kwa maneno machache ya Kumbukumbu la Torati, na anabaki amesimama. Hapo anayeanguka ni Shetani. Milton alielewa kwamba jibu lile halikushinda kwa kuwa hoja bora kuliko nyingine. Lilishinda kwa kuwa aliyelitoa alilitii papo hapo, kwa miguu yake, juu ya jiwe jembamba. Wakristo na Wayahudi hawatakubaliana juu ya ni nani huyo aliyesimama pale. Lakini marabi wa Yoma na wainjilisti wangeweza kukubaliana juu ya jambo tunalopaswa kulitazama, kila mtu anapofungua kitabu mbele yetu na kuweka kidole juu ya mstari: kidole cha mkono wake wa pili kinamwelekea nani.